Jasi, silikoni, mpira au udongo: kuchagua kalibu ya kusubu vichwa vya vikaragosi

Vikundi vingi vinavyofika karakanani kwetu hapa Tanga kuulizia kalibu, yaani umbo tupu la kusubia vichwa, huwa vimekwisha kununua silikoni, majimaji ya kopo yanayoganda yakabaki ya kupinda. Wamesikia kwamba ndiyo inayotumiwa na watengenezaji wakubwa, wamechangishana fedha, wameagiza makopo mawili kutoka Dar es Salaam, na ndipo wanapouliza wayatumieje kutengeneza vichwa 12 vya karatasi kwa ajili ya mchezo wa kuzungushwa katika shule za msingi. Jibu langu huwavunja moyo. Kwa vichwa vya karatasi, silikoni haiishindi jasi kwa lolote la maana, na katika jambo moja imeachwa mbali: haifyonzi maji. Karatasi iliyolowa gundi ikibandikwa ndani ya silikoni hukauka upande mmoja tu, ule unaoguswa na hewa, na upande wa uso, ambao ndio wenye pua, midomo na makunyanzi, hubaki mbichi kwa siku kadhaa hadi ukaanza kuota ukungu.

Kosa lao ni kuanza na kalibu. Kinachopaswa kuamuliwa kwanza ni kichwa chenyewe: kitakuwa cha kitu gani, vitahitajika vingapi vya sura ileile, na sura hiyo ina mashimo na mikunjo ya namna gani. Maswali haya matatu yakishajibiwa, kinachobaki kuchagua ni kidogo sana.

Uzito nao usisahauliwe. Kikaragosi cha mkono hukaa juu ya kidole cha shahada, na mchezaji huuinua mkono juu ya pazia kwa nusu saa au zaidi bila kuushusha. Kichwa ambacho mezani unakiona chepesi huwa mzigo ifikapo dakika ya ishirini, na mchezaji aliyechoka huanza kukiinamisha kikaragosi bila kujua, hata watoto walioketi mbele wakaona utosi badala ya macho. Kwa sababu hiyo karibu kila kichwa cha kusubu huwa na uwazi ndani na ukuta mwembamba, na njia zilizozoeleka za kuupata ukuta huo ni karatasi na gundi, mpira wa maji ambao wauzaji huuita lateksi, povu, au rezini (majimaji yanayoganda yakawa plastiki ngumu) iliyotiwa nyuzi za kioo, yaani fibaglasi. Ikiwa unahitaji kichwa kimoja tu ambacho hakitarudiwa, kalibu ya aina yoyote ni gharama ya bure: bandika karatasi juu ya sanamu ya udongo, ikikauka ikate nusu mbili kwa kisu, toa udongo, kisha uziunganishe nusu hizo. Kalibu huanza kuwa na maana pale sura inaporudiwa, au pale mchezo utakaposafiri miaka mingi na kichwa kikavunjika njiani kikahitaji badala yake.

Jasi

Jasi ni ile poda nyeupe ambayo mafundi wa dari huichanganya na nyuzi za mkonge wanapotengeneza mapambo ya kingo za dari. Madukani huitwa jipsam, na ikiwa safi huuzwa kwa jina la plasta ya Paris. Asili yake ni jiwe lililopashwa moto wa nyuzi 150 hivi likapoteza sehemu kubwa ya maji yaliyofungwa ndani yake. Ukiirudishia maji hayo, poda huganda na kuwa jiwe tena. Jiwe lenyewe huchimbwa si mbali na kwetu, Makanya wilayani Same, ila hilo hutumika katika viwanda vya saruji, na sisi hununua poda iliyokwisha kuchomwa na kusagwa.

Kabla ya kununua mfuko mzima, nunua kilo moja ukaijaribu kwenye kikombe. Ikiganda kati ya dakika 15 na 30 ni nzuri. Ikipita saa nzima ikiwa bado laini, ama imetiwa dawa ya kuchelewesha ili fundi wa dari apate nafasi ya kusawazisha, ama imekaa ghalani ikanyonya unyevu wa pwani. Hiyo ya pili haifai kabisa, kwa sababu kalibu yake humeguka kingoni kama biskuti.

Wakati wa kuchanganya, pima maji kwanza, kisha nyunyiza poda juu yake kwa mkono mpaka vijitokeze visiwa vidogo vikavu visivyozama. Acha dakika mbili bila kugusa. Ndipo uingize mkono hadi chini ya beseni na kukoroga polepole bila kuutoa nje, ukiyasikia mabonge kwa vidole na kuyaponda, kwani mkono unaoingia na kutoka huchukua hewa, na kila kiputo cha hewa kitakuwa chunusi kwenye uso wa kikaragosi. Rojo likifikia uzito wa mtindi, mimina, maana muda uliobaki ni dakika chache tu. Kwa uzani, sehemu 100 za jasi kwa sehemu 70 za maji hutoa kalibu yenye ugumu wa kutosha na yenye kiu.

Kiu hiyo ndiyo sifa kubwa ya jasi. Lateksi ikimiminwa ndani ya kalibu kavu, jasi huyavuta maji yake, na mpira hujenga ngozi kwenye kuta. Baada ya dakika 30 hadi 60 unaimwaga iliyobaki, unaiacha ngozi ile ikauke hadi kesho yake, unaipaka poda ya watoto ili isijinatie yenyewe, kisha unaibandua taratibu. Hapo hapapakwi kitu chochote cha kuzuia kunata, kwa sababu mafuta huziba vinyweleo vya jasi na pia huuharibu mpira. Kwa vichwa vya karatasi mambo ni tofauti kidogo. Kalibu hupakwa sabuni ya mche iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, mara tatu, na kila mara hufutwa kwa kitambaa laini. Au hupakwa mafuta ya mgando kwa uchache sana. Tabaka la kwanza la karatasi lilowekwe kwa maji matupu bila gundi, kisha matabaka manne au matano ya gundi yafuate. Kwa namna hii jasi hunywa maji kupitia uso wa kichwa wakati hewa inakausha mgongo wake, na nusu mbili hutoka zikiwa zimenyooka.

Ubaya wa jasi kwa watu wa pwani ni ukaushaji wa kalibu yenyewe. Kalibu iliyoganda leo bado imejaa maji, na mwenye haraka anayemimina lateksi kesho yake hupata ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Sisi huipima kalibu kwenye mizani kila asubuhi na kuandika uzito kwa penseli mgongoni mwake; siku tatu mfululizo uzito usipobadilika, imekauka. Asiye na mizani aiguse kwa shavu: ikiwa ya ubaridi kuliko meza iliyokaa karibu nayo, maji bado yamo. Wakati wa kiangazi hatua hii huchukua siku chache, lakini katika masika kalibu kubwa imewahi kutuchukua wiki mbili. Usiipeleke kwenye oveni kali ili kuharakisha, kwani ikikaa katika joto linalozidi nyuzi 50 huanza kurudi kuwa poda, na utaona uso wake ukiacha vumbi jeupe kwenye kidole.

Neno moja la tahadhari hapa. Jasi inapoganda hutoa joto, na bonge kubwa linaweza kufikia nyuzi 60. Asije mtu akauzika mkono wa mtoto ndani ya beseni la jasi ili kupata kalibu ya mkono wa kikaragosi. Vidole huungua ndani ya jiwe ambalo haliwezi kufunguliwa kwa wakati.

Mahali panapokwama

Jasi haipindi, na hapo ndipo wengi wanapoikimbia na kwenda kwenye silikoni bila kufikiri vya kutosha. Nyuma ya sikio, ndani ya tundu la pua, chini ya kidevu kilichochongoka, kalibu ngumu huingia na kukwama kama ufunguo uliogeukia ndani ya kitasa. Ili kujua mapema, shika sanamu yako ya udongo usawa wa macho, fumba jicho moja, itazame kutoka upande ambao nusu hiyo ya kalibu itavutwa. Kila unachokiona kitatoka. Kilichofichika kwa jicho hilo moja ndicho kitakachong'ang'ania, na ama ukijaze udongo kidogo, ama uusogeze mstari wa kuigawa kalibu upite juu ya ukingo wa sikio, ama sikio lisubiwe peke yake na kushonewa baadaye.

Lakini kanuni yenyewe ni pana zaidi ya jasi: kati ya kalibu na kichwa, kimoja lazima kikubali kupinda. Kichwa cha lateksi hupinda, kwa hiyo hutoka ndani ya jasi hata kama pua imejikunja. Unakivuta kama soksi. Karatasi ikiwa na unyevu kidogo hupinda kiasi. Rezini haipindi kabisa, na rezini ndani ya jasi yenye makunyanzi mengi itakulazimu kuivunja kalibu ili kukitoa kichwa kimoja. Ukiishika kanuni hii, utaona kwamba silikoni inahitajika kwa dhati mahali pamoja tu, nako ni kichwa kigumu chenye sura iliyojaa mikunjo.

Silikoni

Mahali hapo, silikoni haina mshindani. Huchukua hata alama ya kidole iliyoachwa na mfinyanzi, haishikani na kitu chochote isipokuwa silikoni mwenziwe, na hupinda nyuma ya sikio kisha ikarudi ilivyokuwa. Ziko aina mbili, na kutozitofautisha ndiko kunakopoteza fedha za watu. Ya kwanza hugandishwa kwa kiambato cha bati. Ni ya bei nafuu zaidi, haichagui sana kinachoigusa, lakini husinyaa kidogo na baada ya miaka michache huanza kuchanika. Ya pili hugandishwa kwa platinamu. Haisinyai kwa kiasi cha kuonekana na hudumu muda mrefu, ila ina maadui. Salfa huizuia kuganda, na vivyo hivyo mpira wa lateksi, hata ule wa glovu.

Jambo hili tulilijua kwa machungu. Tulifinyanga uso wa bibi kizee mwenye pua ya ndoana kwa udongo wa mafuta, ule usiokauka, kazi ya majuma mawili, tukaumiminia silikoni ya platinamu ya kwanza tuliyowahi kuimiliki. Kopo liliandikwa saa sita. Asubuhi yake mgongo wa kalibu ulikuwa umeganda vizuri, tukafurahi. Tulipoibandua, upande wote uliogusa udongo ulikuwa rojo linalonata kama asali, na makunyanzi ya bibi yaling'oka pamoja nalo. Udongo ule ulikuwa na salfa. Tangu siku hiyo hatumimini kabla ya kupaka tone la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia nyuma ya shingo ya sanamu na kulisubiri ligande, na kwa platinamu tunatumia udongo wa kawaida wa mfinyanzi, ambao haujatuangusha bado.

Gharama hupungua sana ukiacha kuijaza silikoni ndani ya boksi zima. Ipake kwa brashi na mwiko mpaka unene wa sentimita moja, kisha uifunike kwa ganda la jasi lililotiwa nyuzi za katani, vipande viwili vyenye vifungo vya kushikana. Ganda ndilo linaloishikilia sura. Bila ganda, silikoni nyembamba hulala mezani kama chapati na kichwa hutoka kimepinda. Vipimo vyake ni vya uzani, kwa hiyo mizani ya jikoni isiyokosea gramu ni lazima, kwani kukadiria kwa jicho hapa ni kutupa kopo zima.

Mpira wa kupaka, jelatini na alginati

Lateksi yenyewe inaweza kuwa kalibu. Hupakwa kwa brashi juu ya sanamu, tabaka kumi au zaidi, kila moja likauke kabla ya lingine, na katika unyevu wa huku kazi hiyo hula wiki nzima. Ni nafuu kuliko silikoni na hupinda vizuri, lakini husinyaa, huhitaji ganda la jasi vilevile, rezini huila, na kwa vyovyote huwezi kusubu kichwa cha lateksi ndani yake, maana vitashikana. Mimi huitumia kwa vitu vidogo vya jasi au nta, kwa vichwa hapana. Wako wanaofikiri kwamba utomvu uliogemwa Muheza unaweza kutumika moja kwa moja. Utomvu mbichi usiotiwa amonia huganda ndani ya ndoo muda mfupi tu baada ya kugemwa, na usiotiwa dawa za kuukomaza hutoa mpira dhaifu unaonata.

Jelatini iliyochanganywa na glisirini, ikayeyushwa juu ya maji ya moto na kumiminwa, hutoa kalibu inayopinda kama silikoni kwa sehemu ndogo ya gharama, na ikichakaa huyeyushwa tena. Joto ndilo adui yake. Mchana wa mwezi wa pili hapa Tanga hulegea yenyewe kabla hujaitumia, kwa hiyo ninaipendekeza zaidi kwa walio Arusha, Iringa au Nairobi.

Alginati ni ya kazi moja: kuchukua sura ya mtu halisi, au mkono wake, bila kumdhuru. Huganda kwa dakika chache, huvuliwa, na ndani ya saa moja au mbili imekwisha kusinyaa, kwa hiyo jasi lazima imiminwe ndani yake papo hapo. Kwa kuwa hutokana na mwani, wengi huniuliza kwa nini Zanzibar isiitengeneze. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa aina nyingine, hutoa karajini, kitu kingine cha kugandisha. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia, na huo wa viwandani huvunwa zaidi katika bahari za baridi.

Udongo wa kuchoma

Kalibu hii imesahauliwa bila sababu. Udongo wa mfinyanzi hukandamizwa juu ya sanamu ngumu, hugawanywa, hukaushwa kivulini na kuchomwa pamoja na vyungu. Ikitoka tanuruni ina kiu kama jasi, haiogopi maji, na huvumilia kuangushwa kidogo bila kingo kumeguka. Mahali palipo mbali na maduka ya jasi lakini penye wafinyanzi hodari, kama vile Matema kwenye Ziwa Nyasa ambako wanawake wa Kikisi wamekuwa wakifinyanga vyungu vizazi na vizazi, ningeanza na hii kabla ya kumpigia mtu simu Dar es Salaam. Hesabu moja tu ifanywe mapema: udongo husinyaa unapokauka na kuchomwa, na wa kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo pua ya sentimita 5 itatoka ya sentimita 4.5. Sanamu ifinyangwe kubwa kwa kiasi hicho.

Fibaglasi na nyuso zinazosema

Kuna vichwa vya namna nyingine kabisa, vile vinavyofunga na kufungua kinywa, vinavyokunja kipaji cha uso, vinavyofanana na mtu anayejulikana. Wakenya walivizoea kwenye runinga kuanzia mwaka 2009 kupitia The XYZ Show ya mchora vibonzo Gado, Mtanzania anayefanyia kazi zake Nairobi, ambamo wanasiasa waliigizwa kwa vikaragosi vya lateksi. Anayetaka kichwa cha povu la lateksi, laini ndani na chenye ngozi nje, lazima akioke katika joto lililo chini kidogo ya kuchemka kwa maji kwa saa kadhaa, na kila mwoko huidhoofisha kalibu ya jasi ya kawaida mpaka ipasuke. Hapo ndipo jasi ngumu ya wataalamu wa meno, au fibaglasi yenye rezini inayostahimili joto, inapopata haki yake. Fibaglasi ni nyepesi, haivunjiki kwa kuanguka na hudumu miaka mingi. Mafundi wanaotengeneza boti za aina hiyo wanaweza kukufundisha kwa siku mbili. Lakini mvuke wa rezini ni mbaya kwa mapafu na kiambato cha kuigandisha hupofusha kikiruka machoni, kwa hiyo sikubali ifanywe ndani ya chumba ambacho kikundi hufanyia mazoezi, wala pasipo miwani ya kazi.

Nikiulizwa na kikundi cha shule au cha afya chenye vichwa vya karatasi au lateksi, kati ya vitano na thelathini kwa kila sura, nitasema jasi ya vipande viwili, na fedha itakayobaki inunue rangi nzuri na kitambaa cha mavazi. Kwa fundi anayesubu vichwa vigumu vya rezini vya kuuza, vyenye makunyanzi na nywele zilizochongwa, nitasema silikoni ya bati yenye ganda la jasi, atengeneze nyingine itakapochanika. Silikoni ya platinamu ningemwachia yule anayetaka kuirudia sura ileile miaka kumi ijayo bila kuifinyanga upya.

Na wale waliofika na makopo mawili mkononi siwaambii wayarudishe dukani. Vichwa vyao 12 tunavipatia kalibu ya jasi, kisha silikoni ile tunaigawa kidogo kidogo kwenye vikombe vya karatasi kutengenezea kalibu za vitu vigumu ambavyo karatasi haiviwezi: mboni za macho za rezini, meno ya babu, hereni za bibi, na mdomo wa kasuku, ambao kwa jasi tuliujaribu mara tatu na mara zote tatu ukakwama.